Mas'ala ya Birika na Mifereji Yake



Katika mas'ala ya hesabu anayokutana nayo mtoto wa skuli, ni machache yaliyoishi dahari kama hili la birika na mifereji yake. Kwani limo katika kitabu cha kale cha Wachina, Sura Tisa, ambacho Liu Hui alikisherehesha mwaka 263, na Bhaskara wa Bara Hindi, katika Lilavati aliyoitunga mwaka 1150, aliuliza birika litajaa kwa muda gani iwapo vitafunguliwa pamoja vijito vinne, ambavyo kimoja hulijaza kwa siku nzima, cha pili kwa nusu siku, cha tatu kwa thuluthi na cha nne kwa sudusi.

Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba bomba moja hujaza tangi kwa saa 4 na jingine kwa saa 6, mara nyingi hujumlisha akapata 10, au hutafuta wastani akapata 5, wala hastaajabu kwamba mabomba mawili yakisaidiana yamechelewa kuliko moja lililoachwa peke yake. Kosa hilo halitokani na uzito wa akili. Latokana na kufundishwa kanuni kabla ya sababu. Na aulizwe kwanza: katika saa moja, kila bomba limejaza kadiri gani ya tangi? Akisema robo na sudusi, ataona mwenyewe kwamba kwa pamoja hujaza sehemu 5 katika 12 kila saa, na kwamba tangi litajaa kwa saa 2 na dakika 24. Vijito vya Bhaskara navyo, kwa hesabu hiyo hiyo, vingejaza mabirika 1, 2, 3 na 6 kwa siku, jumla 12. Basi birika moja lahitaji saa 2 tu.

Panapoingia bomba la kutolea maji, vitabu hutuamuru kutoa badala ya kujumlisha, na hapo ndipo pana jambo ambalo naona ni dhuluma kumficha mwanafunzi. Chukua tangi lenye kuta zilizosimama wima, lijazwalo na bomba kwa saa 8, na lenye tundu chini liwezalo kulikausha kwa saa 12. Kitabu kitasema litajaa kwa saa 24. Lakini Torricelli, Mtaliana, alibainisha mwaka 1644 kwamba kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kimo cha maji yaliyo juu yake. Kwa hiyo tangi likiwa limejaa, tundu hilo hutoa sudusi ya tangi kwa saa, wala si sehemu 1 katika 12, ilhali bomba huleta thumuni tu. Maji yatapanda, yakizidi kupungua mwendo kadiri yanavyopanda, yasivuke kamwe sehemu 9 katika 16 za kimo cha tangi. Litangojewa saa 24, litangojewa mwaka, halitajaa.

Sisemi mas'ala haya yafutwe, kwani yafunza uwiano kuliko mengi niyajuayo. Nawasihi watungao vitabu waandike wazi kwamba maji yanatoka kwa kasi isiyobadilika, na nawasihi walimu wamwulize mwanafunzi, akishapata jibu, kama tangi la kweli lingemtii.