Kodi ya nyumba, kikao cha Olympia na mikutano yetu: taarifa kwa wanachama wa tawi



Haya ni maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa tawi Jumapili iliyopita. Tunayatuma hapa kwa sababu wengi wenu mlikuwa kazini: uwanja wa ndege pale SeaTac, maghala ya Kent, nyumba za kulelea wazee. Soma ukipata nafasi, na umsomee jirani asiyependa ujumbe mrefu.

Tunaanza na kodi ya nyumba, maana ndiyo inayotuhamisha.

Sheria iitwayo HB 1217 ilitiwa saini na Gavana Bob Ferguson tarehe 7 Mei 2025, ikaanza kazi siku hiyo hiyo. Inasema kwamba ndani ya miezi 12 mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi zaidi ya 7% ukijumlisha na mfumuko wa bei, na kwa vyovyote haiwezi kuvuka 10%. Kwa mwaka 2026 Idara ya Biashara ya jimbo imeshapiga hesabu: kikomo ni 9.683%. Miezi 12 ya kwanza ya kupanga, hakuna kupandisha kabisa. Na notisi ya kupandisha lazima iwe ya maandishi, siku 90 kabla. Zamani ilikuwa siku 60. (Walioko Seattle wana zaidi: siku 180.)

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme unalipa dola 1,900. Kwa mwaka 2026 mwenye nyumba anaweza kuongeza dola 183 na senti kadhaa, basi. Akiandika 2,200, amevunja sheria. Mwandikie umwambie arekebishe, na ubaki na nakala. Asiporekebisha unaweza kwenda mahakamani kudai ulichozidishiwa na fidia juu yake, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo naye ana mamlaka ya kumshtaki.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kikomo hiki kinamlinda mpangaji aliyemo ndani. Ukihama, mwenye nyumba yuko huru kumpangia anayefuata kwa bei anayotaka. Kwa hiyo mtu anayefungasha virago kwa sababu meneja amemwambia mlangoni "mwezi ujao ni dola mia nne zaidi" amepoteza kinga yake kwa mikono yake mwenyewe, na huko aendako ataanza upya kwa bei ya soko. Neno la mlangoni si notisi. Ujumbe wa simu si notisi. Usihame kabla hujaonyesha mtu karatasi.

Na karatasi ya siku 14 ya kudai kodi si amri ya kukutoa. Ni mwanzo wa safari. Atakayekutoa ni sherifu peke yake, tena kwa amri ya mahakama. Ukipata karatasi za mahakama, jibu kwa tarehe iliyoandikwa. Kukaa kimya ndiko kunakowaangusha watu. Tangu 2021 jimbo hili linampa mpangaji mwenye kipato kidogo wakili bila malipo katika kesi ya kufukuzwa, na Washington lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Kama hujui pa kuanzia, piga 211 uombe mkalimani wa Kiswahili.

Tumeulizwa kuhusu makaratasi ya uhamiaji. Sheria hii haiulizi uraia wa mpangaji. Na tangu 2020 sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi inataja wazi uraia na hali ya uhamiaji. Mwenye nyumba anayekutisha kwa hilo ndiye mwenye kosa.

Wapo wasioguswa na kikomo hiki, na ni heri mjue mapema. Jengo ambalo halijatimiza miaka 12 tangu lipewe kibali cha kukaliwa halimo. Nyumba za mamlaka za umma na za mashirika yasiyo ya faida, ambazo kodi yake inasimamiwa kwa sheria nyingine, hazimo. Vilevile nyumba ya familia mbili hadi nne ambamo mwenyewe anaishi. Lakini anayedai msamaha lazima aeleze sababu zake ndani ya notisi. Na wale wa nyumba za kuhamishika mna afadhali: kikomo chenu cha kiwanja ni 5%, tena hakina mwisho, wakati hiki chetu kitaisha mwaka 2040.

Je, 9.683% ni kidogo? Hapana. Hakuna kati yetu anayeongezewa mshahara hivyo. Tuliomba 7% tupu. Mwaka 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kikomo cha 7%, kikafia Seneti. Mwaka 2025 Seneti ilijaribu tena kuulegeza mswada, na waliosaidia kuulegeza ni pamoja na baadhi ya maseneta wa chama chetu cha Democratic. Ilibidi kamati ya mabaraza mawili ikae, na mswada ukapita siku ya mwisho ya kikao, tarehe 27 Aprili. Tunalisema hili kwa sababu wabunge wetu watakuja kutuomba kura, na tuna haki ya kumuuliza kila mmoja alisimama wapi.

Wapinzani wanasema kikomo kitawafukuza wajenzi. Ndiyo maana majengo mapya yamepewa ile miaka 12. Hata hivyo kuna ukweli kwamba kikomo peke yake hakijengi nyumba. Jimbo linakadiria kwamba tunahitaji nyumba milioni 1.1 zaidi katika miaka 20. Sheria ya HB 1110 ya 2023 inailazimisha miji yenye watu zaidi ya 75,000, Kent ikiwemo, kuruhusu nyumba nne kwenye kiwanja kilichokuwa cha nyumba moja. Namna ya kuitekeleza inaamuliwa na halmashauri ya mji, na viti vya halmashauri vilikuwa kwenye karatasi ya kura mwaka 2025.

Uchaguzi huo ulikuwa Jumanne tarehe 4 Novemba 2025. Kila siku ya uchaguzi, kura iwe sandukuni kabla ya saa mbili usiku. Weka saini kwenye bahasha, wengi husahau. Na asiye raia asijaze fomu ya kujiandikisha, hata akibembelezwa na mtu wa mezani. Madhara yake kwenye kesi ya uhamiaji ni makubwa.

Kikao cha Olympia cha mwaka 2026 kilianza tarehe 12 Januari, siku 60 tu. Si lazima kusafiri. Unaweza kutoa ushahidi kwa video ukiwa nyumbani, au kuandika tu kwenye tovuti ya Bunge kwamba unaunga mkono au unapinga, mpaka saa moja kabla ya kamati kuanza. Dakika tano zinatosha. Tutawatumia namba za miswada zikitoka.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, ukumbi wetu wa kawaida, tutakaa kusoma notisi pamoja. Leta mkataba, notisi zote na stakabadhi za miezi 12. Anayejua Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe tafadhali aje kusaidia wazee. Wabunge wa wilaya yetu tumewaalika. Akifika mmoja, maswali ya kodi ndiyo ya kwanza.

Watoto waje. Chai na mandazi vipo, na mama mmoja ameahidi sambusa.

Kamati ya Tawi