Nani Abebe Hasara? Kampuni za Kigeni na Kiazi cha Sachangwan



Wakenya wengi walilijua jina la Sachangwan kwa msiba. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu katika Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara iendayo Eldoret. Watu wakakusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Msiba ule ulidhihirisha jambo ambalo wachumi huliandika kwa maneno makavu: biashara kubwa hupita katika vijiji visivyo na hisa ndani yake, lakini hatari zake huviangukia vijiji hivyohivyo. Jioni hii nitalifuata suala hilo la hatari katika biashara tulivu zaidi, ile ya viazi. Nyanda za Molo, Sachangwan ikiwamo, ni miongoni mwa maeneo yanayoilisha Kenya zao hili, ambalo kwa chakula chetu linatanguliwa na mahindi peke yake. Hoja yangu ni moja. Maadili ya kampuni ya kigeni hayapimwi kwa misaada inayotoa, wala kwa bendera iliyochapwa kwenye kifurushi cha bidhaa yake. Hupimwa kwa jinsi hasara inavyogawanywa kati yake na wale inaofanya nao biashara. Na kampuni inayoigawanya hasara hiyo kwa haki huwa pia imepanga vizuri kibiashara.

Tuanze na kisa ambacho wengi mnakikumbuka. Mapema Januari 2022 migahawa ya KFC nchini iliishiwa na chipsi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba shehena kutoka ng'ambo zilikuwa zimechelewa kwa sababu ya misukosuko ya usafirishaji iliyoletwa na korona. Viazi vya hapa navyo havingeweza kununuliwa tu sokoni, kwa kuwa kila msambazaji sharti aidhinishwe kwanza katika utaratibu wa ubora wa chapa hiyo duniani. Wakenya walikuja juu mitandaoni na kutaka migahawa hiyo isusiwe, na baada ya kelele hizo ikatolewa ahadi ya kutafuta wasambazaji wa ndani. Hasira ile ilieleweka, lakini ililenga pembeni kidogo. Kosa lilidhaniwa kuwa ni kununua nje. Mimi naona suala lenyewe liko kwenye kalenda: chapa hiyo iliingia Kenya mwaka 2011, na miaka kumi ni muda wa kutosha kumwonyesha mkulima njia ya kufikia kiwango kinachotakiwa.

Kiwango chenyewe si kisingizio, na tusikidharau. Kiazi cha chipsi za kugandishwa kinatakiwa kiwe kirefu, kiwe na macho ya juujuu ili kisipoteze nyama kwenye mashine ya kumenya, kiwe na unga mwingi na maji machache, na sukari yake iwe ndogo. Sukari ikizidi, chipsi hugeuka rangi na kuwa za kahawia zenye uchungu. Sasa kitazame kiazi cha Shangi, kinachopendwa kuliko vyote na wakulima wetu. Huzaa sana, hukomaa kwa takriban miezi mitatu na huiva upesi jikoni, ndiyo maana mama lishe na wauza chipsi wa mjini hukigombania. Lakini macho yake yamezama, na huchipua mapema baada ya kuchimbwa, kwa hiyo mkulima hawezi kukiweka ghalani akisubiri bei ipande. Anachimba, anauza. Dalali analijua hilo, na ndiyo sababu gunia huendelea kushonewa nyongeza juu ilhali kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50.

Mkulima huyu akitaka kuingia soko la chipsi za kugandishwa, hana budi kubadili karibu kila kitu. Atanunua mbegu iliyoidhinishwa, ambayo bado ni sehemu ndogo mno ya mbegu inayopandwa nchini. Atapumzisha shamba au kuzungusha mazao ili kuepuka mnyauko wa bakteria, na katika ekari mbili hiyo ni kujinyima msimu mzima wa mapato. Atapiga dawa ya bakajani chelewa, ataweka kumbukumbu za kila alichopulizia, na mwishowe atalima aina ambayo, mnunuzi mkubwa akiikataa, mteja wa kawaida wa Shangi hataitafuta. Gharama zote hizi zinatokana na kiwango alichoweka mnunuzi, lakini zinalipwa na mkulima kabla hajapata shilingi moja. Hapo ndipo maadili yanapoingia. Anayeweka sharti anazaa hatari, na kumwachia mnyonge hatari yote kisha kumlaumu kwa kutofika ni dhuluma, hata kama hakuna kifungu cha sheria kilichovunjwa.

Kuna wanaojibu kwamba kampuni haina deni hilo. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, mradi ifuate kanuni zilizowekwa. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo kanuni zipo na zimekamilika. Katika nchi zetu mara nyingi kanuni huja nyuma ya biashara. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Kenya iliipa Unilever Kenya ushindi dhidi ya mamlaka ya kodi katika mzozo wa bei wanazotozana kampuni za kundi moja, na mojawapo ya sababu ni kwamba Kenya haikuwa na miongozo yake kuhusu suala hilo. Kanuni zilitungwa mwaka uliofuata, 2006. Siilaumu kampuni kwa kushinda kesi yake. Nasema tu kwamba kipimo cha "sheria inaruhusu" huyumba pale ambapo sheria yenyewe haijaandikwa. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizopitishwa mwaka 2011, zinalitambua pengo hilo: zinasema kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki hata pale dola inapolegea.

Wengine watasema kazi ya kumwinua mkulima ni ya serikali. Kwa sehemu ni kweli, lakini Nakuru ina ushahidi wa kutufanya tusite. Kenya iliwahi kuzalisha zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia, na kiwanda cha Bodi ya Pareto kilikuwa mjini Nakuru. Bodi ilihodhi ununuzi, ikachelewesha malipo kwa miaka, na wakulima wa Molo na kwingineko wakang'oa maua yao wakapanda viazi na mahindi. Wanunuzi wa ng'ambo, waliotaka dawa ya wadudu itokanayo na maua hayo isikatike, waligeukia Tasmania huko Australia. Sheria ya mwaka 2013 ilifungua soko kwa kampuni binafsi, lakini nafasi iliyopotea haijarudi. Funzo la pareto ni kwamba umiliki wa ndani pekee haumlindi mkulima. Mnunuzi awe bodi ya serikali au kampuni ya Marekani, akimwachia mkulima hasara yote, zao hufa na yeye mwenyewe hukosa malighafi.

Upo mfano wa upande wa pili, nao una mwanga na kivuli. Mwaka 2004 East African Breweries, ambayo mwanahisa wake mkuu alikuwa Diageo ya Uingereza, ilizindua bia ya Senator Keg kwa wanywaji wa kipato cha chini, ikisaidiwa na nafuu ya kodi. Bia hiyo ilikuja kutegemea mtama wa wakulima wetu. Yaani kampuni iliitengeneza bidhaa ifuate zao lililopo, badala ya kulitaka zao lifuate bidhaa ya ng'ambo. Huo ni mkakati, na uliwafaa wengi. Kivuli kilikuja mwaka 2013 serikali ilipoirudishia bia hiyo kodi: mauzo yakaporomoka, na mtama ukakosa mnunuzi. Kampuni ilikuwa na bia nyingine za kuuza, mwenye shamba hakuwa na kiwanda kingine cha kukipelekea mtama. Nafuu ilirejeshwa baadaye, na mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu kikafunguliwa upya. Lakini swali la 2013 limebaki: mkataba ulisema nini kuhusu siku ambayo soko lingefungwa?

Pingamizi gumu zaidi linawahusu wakulima wenyewe. Kampuni nyingi zilizojaribu kilimo cha mkataba zimeachwa mikono mitupu, kwa sababu bei ya soko ilipopanda mkulima aliuza pembeni. Hilo hutokea, na halifichiki. Tujiulize linatokea lini. Hutokea pale mkataba unapofunga bei moja kwa msimu mzima, malipo yanapokuja baada ya majuma mengi, na dalali anaposimama shambani na pesa taslimu. Mkataba wenye bei ya sakafu inayoongezeka soko likipanda, na malipo ya haraka kupitia simu, hupunguza kishawishi hicho kuliko mahubiri yoyote ya uaminifu. Ushirika nao una wajibu wake, wa kumbana mwanachama anayevunja neno. Haki haiendi upande mmoja.

Basi kampuni ya kigeni inayotaka kununua viazi Sachangwan ifanye nini? Itangaze kiwango chake wazi, kwa Kiswahili, na idhini yake iwe na muda unaojulikana. Igharamie sehemu ya majaribio ya mbegu pamoja na taasisi zetu za utafiti na Chuo Kikuu cha Egerton hapo Njoro. Mkataba useme nani analipa mzigo ukikataliwa, na nani mwingine ataupima zaidi ya mnunuzi mwenyewe. Mtasema hayo yataongeza gharama. Ndiyo, lakini kontena lililokwama baharini mwaka 2022 lilikuwa na gharama pia, na hakuna aliyeihesabu hadi meza zilipokosa chipsi. Serikali ya Kaunti nayo, kabla ya kumpa mwekezaji yeyote ardhi au nafuu, imtake kwanza ukurasa mmoja unaoonyesha hasara zinazoweza kutokea na jina la atakayebeba kila moja. Ukurasa huo ukiwa na jina la mkulima katika kila mstari, uwekezaji huo ukataliwe.