Rangi ya Mafuta na Jicho la Mchoraji

Huenda wadhani kuchora kwa rangi ya mafuta kwataka fedha nyingi. Sivyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kazi hii mwaka 1968 hapa Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli na vipande vya mbao nyembamba za dari. Alifariki mwaka 1972. Mtindo wake ungaliko.

Rangi hiyo ina tabia yake. Ukiigusa ingali mbichi yavurugika. Basi paka kwanza rangi moja ubao mzima, uache ukauke. Ndipo umpake mnyama, naye akauke. Madoa yaje mwisho. Mwenye haraka hupata tope.

Ubao unapokauka, usikae bure. Chui wengi wauzwao leo, naona, wamenakiliwa kutoka picha nyingine, si kutoka kwa chui. Wewe shuka pwani ya Msasani ukamtazame kunguru, yule aliyeletwa kutoka Bara Hindi. Watu humpaka mweusi mtupu, kumbe shingo na kifua chake ni kijivu. Chukua penseli, uandike kijivu hicho chaanzia wapi na chakomea wapi, kabla hujarudi nyumbani.