Hasira Hupimwa kwa Kilo



Leo sizungumzi juu ya mbolea wala dawa ya wadudu. Nataka tuzungumze juu ya hasira. Tena si hasira ya mtu yeyote tu, bali ya wale mliowapa kazi ya kuwaongoza: mwenyekiti wa chama cha msingi, katibu, karani wa mizani, mkubwa wa kikundi cha kulimiana.

Mtaniuliza, hasira nayo ni kilimo? Twendeni kituo cha kahawa tukaone.

Ni jioni, msimu wa kuchuma. Mnajua kahawa mbivu haingoji mtu. Isipomenywa siku ile ile huanza kuchacha, na ikichacha daraja lake hushuka. Kwa hiyo foleni ni ndefu, kila mmoja ana haraka, na karani hajala tangu asubuhi. Anafika mama mmoja na debe lake. Karani anatia mkono, anatoa punje mbichi zilizochanganyika na mbivu. Analimwaga debe lote chini. "Ninyi ndio mnaotuharibia kahawa!" Watu wanacheka. Mama anaokota punje zake, anaondoka kimya.

Kwa upande wa kahawa karani hakukosea. Punje mbichi huharibu ladha ya kahawa ya wote. Lakini mama yule harudi tena. Msimu ujao atamwuzia mlanguzi anayepita usiku, kwa bei ya kumwumiza, na kahawa yake itavukia Kenya. Na jirani waliomwona akiokota, nao watafikiri mara mbili. Mwisho wa msimu viongozi watatazama daftari, waone kilo zimepungua, kisha waseme wakulima hawapendi ushirika!

Karani mwenye kuujua moyo wake angeona kwanza kwamba amechoka na ana njaa, na kwamba hasira ile nusu yake haimhusu mama. Angesema, "Shikamoo mama. Hebu tusogee hapa pembeni tuchambue. Leo nani amekusaidia kuchuma?" Huenda ikajulikana kwamba watoto ndio waliochuma, yeye anauguza. Punje mbichi zinatengwa vile vile. Sheria haikulegezwa hata kidogo. Nalisema hili kwa sababu viongozi wengi hudhani kuzuia hasira ni ulegevu.

Mimi mwenyewe nilipokuwa bwana shamba kijana nilimkemea mzee mmoja mbele ya wanawe kwa kupanda mahindi ovyo. Mwaka ule alipanda kwa mistari. Lakini ushauri wangu hakuuomba tena.

Jambo hili si geni nchini kwetu. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika sana kifungu kile. Katika miaka iliyofuata waliacha kazi mahali pengi, na mara nyingi hawakudai mshahara. Walidai heshima: meneja anatukana, meneja hasikilizi. Mwaka 1973, Dar es Salaam, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hatua ya kukishika kiwanda wenyewe. Baadaye, mwaka 1990, wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya uwezo huu wa mtu kuzitambua hisia zake na za wenzake na kuzitawala. Siku hizi huitwa akili ya hisia. Jina ni jipya. Wale wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuonja machungu ya kuikosa.

Sasa nije kwa mwenyekiti. Mtihani wake mkubwa ni malipo ya pili yanapochelewa. Ada za shule zinadaiwa, watu wana wasiwasi, na wasiwasi usipojibiwa hugeuka uvumi: viongozi wamekula! Mwenyekiti mwoga hujificha, na mwenye kiburi hufoka mkutanoni. Afadhali aitishe mkutano mapema, kabla ya kuitwa yeye. Aseme wazi kiasi gani kimeuzwa, kiasi gani hakijalipwa, na daftari liwe mezani. Kisha aketi awaache watu waseme, hata maneno makali. Asijibu kila neno. Mtu aliyeumia akikatizwa huongeza sauti. Akiachwa amalize, mara nyingi hushuka mwenyewe.

Hapa Ukuryani mnalo ritongo, wala hamhitaji mgeni wa redio kuwafundisha namna ya kukaa barazani. Mnawajua wazee wale wanaosema mwisho, baada ya kusikia wote. Na mnajua pia neno moja la dharau, likitupwa kati ya watu wanaogombania mpaka wa shamba, linavyoweza kuamsha koo mbili.

Kwa hiyo mkutano wa uchaguzi wa chama chenu utakapofika, msimtazame mgombea kwa hesabu tu na sauti nzuri. Mkumbukeni alivyokuwa siku ile mashine ya kumenya ilipoharibika na foleni imefika barabarani.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo bwana shamba atawaeleza namna ya kukata matawi ya mibuni iliyozeeka. Kwaherini.