UREFU WA UPANGA WA MSUMENO WA MOTO

Hotuba iliyosomwa mbele ya Masheha, Waalimu na Wakulima wa Pemba



Tumeombwa tuseme machache juu ya msumeno wa moto, nasi tumechagua jambo moja tu katika mambo yake mengi, nalo ni urefu wa upanga wake. Huenda mtu akasema kuwa jambo hili ni dogo, wala halistahili kuwatoa watu Micheweni na Mkoani. Twamwomba avumilie mpaka mwisho, kwa maana jambo hili limekwisha kumwaga damu mbele ya macho yetu, na sehemu ya lawama ni yetu sisi wenyewe.

Kwanza tuelewane kwa majina. Upanga wa msumeno wa moto ni kile chuma kirefu kilicho bapa, ambacho mnyororo wenye meno hukizunguka. Urefu wake wa kazi hupimwa tangu pale chuma kinapotokeza katika mashine hata ncha yake. Sehemu iliyofichwa ndani ya mashine haihesabiwi, maana haikati kitu. Dukani panga hizi huuzwa kwa inchi: 14, 16, 18, 20, 24, na kuendelea.

Sasa tuwasimulie yaliyotokea. Mwaka mmoja, katika kijiji kimoja cha upande wa Wete, upepo wa masika uliangusha mwembe mkongwe, ukalala juu ya njia ya watu. Kijana mmoja wa hapo alikuwa na msumeno mdogo wenye upanga wa inchi 16, akaupenda ule mwembe kwa ajili ya mbao. Akapata upanga wa inchi 24 uliokwisha kutumika, akatujia kutuuliza kama wafaa. Sisi tulikuwa na kalamu sikioni na haraka ya kwenda kula, tukamjibu: "Mti mkubwa wataka upanga mkubwa." Neno hilo lilikuwa rahisi kulitamka, nasi twalijutia hata leo.

Akaufanyia maarifa ule upanga hata ukaingia katika mashine yake. Kwa muda wa robo saa kazi ilionekana kuwa njema. Kisha injini ikaanza kulia kwa shida, mnyororo ukaenda polepole, ncha ya upanga ikatoa moshi. Kijana akadhani kuwa dawa yake ni kukandamiza. Alipokuwa akikandamiza, ncha aliyokuwa haioni ikagusa tawi lililofichika upande wa pili wa gogo. Msumeno ukaruka juu na kurudi nyuma kwa ghafula, ukamkata begani. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mkono ule hauinuki tena kama zamani, na mtu asiyeweza kuinua mkono hawezi kupanda mkarafuu wakati wa mavuno.

Baadaye akaletwa fundi mtu mzima. Tulitazamia aje na upanga mrefu zaidi, naye akaja na upanga wa inchi 20, ila mashine yake ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Akakata upande mmoja, akazunguka akakata upande wa pili, na kabla ya adhuhuri njia ilikuwa wazi. Hapo tukafahamu maana ya wazee waliposema, "Kila mlango kwa ufunguwe." Upanga mfupi ulimaliza mti ambao upanga mrefu ulikuwa umeshindwa nao.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu ya kwanza ni nguvu ya injini. Mnyororo mrefu una meno mengi, na kila jino lililo ndani ya mti lataka nguvu yake. Injini ndogo ikipewa mzigo huo huchoka, huwaka moto na kufa kabla ya siku zake. Kadhalika mafuta ya kulainisha mnyororo husukumwa na pampu ndogo iliyo katika mashine, na pampu hiyo imefanyizwa kwa upanga wa kiasi fulani. Upanga ukipita kiasi, mafuta hayafiki nchani, chuma husagana na chuma, nao ndio ule moshi tuliouona.

Nguvu ya injini huandikwa kwa cc. Kwa desturi, mashine ya cc 35 mpaka 45 hufaa upanga wa inchi 14 au 16. Ya cc 50 mpaka 60 huchukua inchi 16 mpaka 20. Ya cc 70 na zaidi ndiyo iwezayo inchi 20 mpaka 24 bila kulalamika. Lakini kitabu kinachouzwa pamoja na mashine ndicho hakimu. Kikisema mwisho ni inchi 18, basi mwisho ni inchi 18, hata kama karani mwenye haraka asema vingine.

Sababu ya pili ni mti wenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba upanga uzidi unene wa mti kwa inchi 2 hivi, ili mti ukatike kwa mara moja na ncha ionekane upande wa pili. Fundi mwenye ujuzi aweza kukata mti mnene zaidi kwa kuuzunguka pande mbili, madhali nusu ya unene wake haipiti urefu wa upanga. Asiyejifunza kazi hiyo asiijaribu peke yake.

Na unene wa mti hupimwaje? Hapa twawaomba Waalimu watusikilize, maana ni hesabu ifaayo kufundishwa darasani. Chukua kamba, zungusha shina pale utakapokata, kisha ikunje mara tatu sawasawa. Theluthi hiyo ndiyo unene wa mti, pamoja na ziada kidogo, kwa kuwa hesabu kamili ni kugawanya kwa 3.14. Ziada hiyo haidhuru, bali husaidia. Kama huna futi ya kupimia, kumbuka vipimo vya wazee wetu: shibiri moja ni kama inchi 9, na dhiraa moja, tangu kisukusuku hata ncha ya kidole cha kati, ni kama inchi 18. Basi upanga wa inchi 18 ni dhiraa yako mwenyewe. Theluthi ya kamba ikiwa fupi kuliko dhiraa kwa vidole vitatu, upanga huo watosha.

Tutazame sasa miti tuliyo nayo. Mnazi ukizungushwa kamba ya sentimita 95, theluthi yake ni kama sentimita 32. Upanga wa inchi 16, yaani sentimita 40, watosha na kubaki. Tena mti wa mnazi ni mgumu sana upande wa nje na karibu na shina, nao hufisha meno upesi. Upanga mrefu hapo huongeza tu idadi ya meno ya kutia tupa. Mkarafuu nao, kisiwa hiki kiliopata sifa yake kwa karafuu baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangamiza mashamba ya Unguja, mara nyingi hugawanyika karibu na ardhi kuwa vigogo viwili au vitatu. Mkarafuu uliokufa hukatwa kigogo kimoja kimoja, mahali pembamba, katikati ya mikarafuu mingine iliyo hai. Upanga mrefu hapo hujeruhi jirani. Inchi 16 zafaa, na 18 hazikosi.

Ilobaki ni miembe, misufi na mivule mikongwe. Mwembe wenye mzunguko wa mita 3 una unene wa karibu mita nzima, na hata upanga wa inchi 24 hupita katikati kidogo tu. Lakini tujiulize: katika mwaka mzima, mkulima hukata miti ya namna hiyo mingapi? Kama ni mmoja, ni heri kumwita na kumlipa mwenye mashine kubwa kuliko kununua upanga wa mti mmoja na kuubeba kwa miti mia. Kwa ufupi, chagua upanga mfupi kuliko zote uwezao kufanya kazi yako ya kila siku.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa ufupi peke yake ni usalama. Upanga mfupi mno huzama ncha ndani ya mti mahali pasipoonekana, na ncha ndiyo mahali pa hatari. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, mnyororo hukwama, na nguvu yote ya injini hurudi kwa mtu. Upanga mrefu nao una ncha iliyo mbali na jicho, ambayo huchokora mchanga wa pwani au mawe ya matumbawe ya upande wa Micheweni. Mnyororo ukigusa jiwe mara moja tu, kazi ya tupa ya asubuhi nzima imepotea.

Sasa habari ya kununua. Anayebadilisha upanga na mnyororo lazima apatanishe mambo manne, wala asiamini macho. La kwanza ni urefu. La pili ni nafasi ya pingili za mnyororo: pima tangu msumari wa kwanza hata wa tatu, kisha gawanya kwa mbili. La tatu ni unene wa vile vijino vya chini vinavyoingia katika mfereji wa upanga, ambavyo havina budi kulingana na upana wa mfereji. La nne ni hesabu ya vijino hivyo. Moja likikosa, mnyororo utalegea, au utakwama, au utaruka. Njia iliyo rahisi ni kuchukua upanga wa zamani na mnyororo wake hata dukani, vikalinganishwa mbele yako.

Kabla ya kuanza kazi, washa msumeno na uelekeze ncha karibu na karatasi nyeupe, bila kugusa. Mstari wa mafuta ukionekana, mafuta yafika. Usipoonekana, usikate. Na wakati wa kukata tazama kile kitokacho: kikiwa vipande vidogo, meno ni makali. Kikiwa unga mwembamba kama wa muhogo, meno yamekufa. Tia tupa, wala usikandamize.

Wapasuaji wa mbao wajue pia kuwa kupasua gogo kwa urefu wake kwataka nguvu nyingi kuliko kulikata kwa upana, hivyo mashine iliyo imara kwa inchi 20 katika kukata huweza kuchoka kwa upanga huo huo katika kupasua. Mnyororo wa kupasulia nao hunolewa kwa pembe nyingine, kama digrii 10 badala ya 30. Mbao nyingi hupotea kwa kutojua jambo hili.

Wengine hutuuliza chombo hiki kimetoka wapi. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929, nao ulitaka watu wawili kuushika. Mwaka 1947 Joseph Cox wa Marekani alianza kuuza mnyororo wenye meno aliyoyaiga kwa funza atobolaye miti, baada ya kumwona akila gogo kulia na kushoto. Basi hata funza ana taya za kiasi chake, wala hatafuni zaidi ya kinywa chake.

Mwisho, Waheshimiwa Masheha, tuna neno kwenu. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Nambari 10 ya mwaka 1996, ipo kwa ajili ya kuilinda miti, na msitu wa Ngezi hauna mwingine wa kufanana nao kisiwani hapa. Kijana akija kwenu na msumeno, mwulizeni kwanza kama amekwisha kwenda kwa Bwana Misitu kutaka ruhusa. Kisha mwulizeni mambo matatu: mti una unene gani, injini ina cc ngapi, na upanga wake ni wa inchi ngapi. Asiyeweza kujibu hayo matatu, mwambieni kwa upole arudi akapime.

Sisi tuliulizwa siku ile, tukajibu bila kupima. Kamba ilikuwa imetundikwa mlangoni, hatua tatu kutoka tulipoketi. Twawaombeni msifanye kama sisi.