TUSITIBU ULEVI TUKALIACHA JERAHA
(Hotuba iliyotolewa Naguru, Kampala, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya pombe na madawa ya kulevya. Kila kamati ina watu inaowaita walevi. Leo naomba tuulize: mtu huyu alianza kunywa lini, na alikuwa amepatwa na nini?

Aliyeona nyumba ikichomwa au ndugu akiuawa huweza kuvuka mpaka salama, lakini moyo ukabaki kule. Usiku humletea ndoto za kutisha. Mchana, mlango ukigongwa tu, anaruka. Akipata waragi, anatulia na kulala. Kwake hiyo si starehe, ni dawa. Lakini ni dawa yenye hila: inapoisha mwilini usingizi hukatika, hofu hurudi na nguvu zaidi, na kesho yake anahitaji zaidi.

Serikali ya Uganda ilipiga marufuku waragi ya vipakiti mwaka 2019. Ni hatua njema. Lakini kipakiti kikiondoka, jeraha haliondoki nacho.

Zamani wengi walisema: aache pombe kwanza, mambo ya moyo baadaye. Shida ni kwamba akiacha, kumbukumbu alizozizamisha huibuka, naye hurudi kwenye chupa. Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi hupendekeza yote mawili yatibiwe pamoja.

Je, inawezekana kambini, kwenye madaktari wachache? Utafiti uliofanyika Nakivale na kutangazwa mwaka 2008 ulihusu wakimbizi 277, Warwanda na Wasomali. Wakimbizi wenzao, wasio madaktari, walifundishwa kuwasikiliza na kuwasaidia. Baada ya vikao vichache, waliosaidiwa walipata nafuu kuliko wasiosaidiwa. Utafiti huo ulitazama majeraha ya moyo, si ulevi. Lakini umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hii tunaiweza wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Kamati isimfukuze mlevi wala kumtangaza barazani. Aibu humrudisha kwenye chupa.

2. Mnywaji wa miaka mingi asilazimishwe kuacha ghafla, peke yake. Akitetemeka, akiona vitu visivyokuwapo au akipatwa na degedege, apelekwe kliniki mara moja, anaweza kufa. Hospitali ya Butabika, hapa Kampala, hutibu pia waliozoea pombe na madawa ya kulevya.

3. Ndugu zetu wa mashirika, mnapouliza habari za pombe, ulizeni na habari za usingizi. Wala msimlazimishe mtu kusimulia yaliyompata siku ya kwanza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi anayeficha hajapata wa kumwambia. Tuwe sisi hao wa kuambiwa.