Mpira, Ngoma na Nguo ya Shabiki

Ninyi mlioko darasani hapa Bagamoyo, na wenzenu wa Kaole, Mlingotini, Saadani na Pangani, kaeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matano: mpira, ngoma, klabu, jezi, shabiki. Someni pamoja, polepole.

Vema. Jezi ni ile fulana ya mchezaji. Shabiki ni mtu anayependa upande mmoja hata usingizi ukampotea upande huo ukishindwa. Nadhani darasani humo wamo.

Sasa natuanze safari. Mtu akitoka Bagamoyo akafuata pwani kwenda kaskazini, hupita Saadani, akavuka mto Pangani, akafika Tanga. Tanga kuna klabu ya mpira iitwayo Coastal Union. Ilichukua ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1988. Mashabiki wake hujiita Wagosi wa Kaya. Katika lugha za watu wa huko mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Basi ni kama kusema, wanaume wa nyumbani.

Mwaka 2018 klabu hiyo ilimsajili mchezaji ambaye nchi nzima ilimjua, lakini haikumjua kwa mpira. Ni Ali Kiba, mwimbaji wa muziki tunaouita Bongo Fleva, aliyevuma tangu albamu yake ya Cinderella ya mwaka 2007. Habari hiyo ilizungumzwa sana, vibarazani na redioni. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza, "Mwimbaji na mpira, wapi na wapi?"

Swali hilo ni zuri, nalo ndilo somo letu. Mimi nasema hivi: katika pwani yetu mpira na muziki havikuwahi kukaa nyumba mbili. Aliyeshangaa kumwona mwimbaji amevaa jezi hakuuliza wazee.

Wazee wangemwambia habari za beni. Beni ni ngoma iliyoanza katika pwani ya Waswahili kabla ya mwaka 1900, ikaenea mpaka bara. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Watu waliwaona askari na mabaharia wa Kizungu wakipiga ngoma na kutembea kwa mistari, nao wakafanya yao. Walishona kaptura na makoti, wakavaa kofia na mikanda, wakapeana vyeo. Humo mlikuwa na mfalme na majenerali, na mtu aliyekuwa kuli mchana aliweza kuwa jenerali jioni. Pande mbili zilizojulikana sana ziliitwa Marini na Arinoti. Marini mara nyingi walijiona waungwana zaidi, na Arinoti hawakukubali jambo hilo hata kidogo.

Tazameni mambo yaliyokuwamo ndani ya beni. Kwanza muziki. Pili sare, maana asiye na sare hakuingia katika mstari. Tatu mashindano: Marini wakishona nguo mpya, Arinoti hawalali mpaka washone nzuri kuliko hiyo. Tena ziliimbwa nyimbo za kuwadhihaki wa upande wa pili. Na zaidi ya hayo, mwanachama akiugua au akifiwa, wenzake walimchangia. Hilo la mwisho watu hulisahau wanapozicheka zile kofia. Kijana aliyetoka kijijini kwenda mjini, hana baba wala mjomba mjini humo, katika beni alipata ndugu wa kumzika.

Lakini zilikuwa na gharama yake. Mtu aliweza kutumia mshahara wake kwa koti la ngoma, na nyumbani chungu kikalala tupu. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Basi vilipokuja vilabu vya mpira, vilikuta njia imekwisha kulimwa. Katika Dar es Salaam, Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Watu walilikata jina lake wakaiita Yanga, na rangi zake ni kijani na njano. Mwaka uliofuata wakatokea wenzao wa upande wa pili, ambao kwa miaka mingi waliitwa Sunderland. Mwaka 1971 jina likabadilika likawa Simba, na rangi zao ni nyekundu na nyeupe. Katika mji huo huo palikuwa na vilabu viwili vikubwa vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, navyo vilishindana. Mashabiki wa mpira walijigawa humo pia, hata ukijua mtu anashangilia timu gani, uliweza kubahatisha anakwenda taarabu ya nani.

Tanga nayo ilikuwa na taarabu zake mbili zilizoshindana, Black Star na Lucky Star. Marehemu Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, aliimba katika zote mbili kwa nyakati zake. Sauti yake ilifika mbali kuliko timu yoyote ya mpira ya pwani hii, na hapo nakubali kugombana na Wagosi wa Kaya.

Haya, sasa nguo. Zamani shabiki wa kike alikuwa na kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Kanga za kwanza hazikuwa na maneno. Maneno yalipokuja, yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi hizi mnazojifunza. Mwanamke asiyejua kusoma alimwomba mwenye duka amsomee jina kabla ya kununua, maana hakuna atakaye kumtukana jirani yake bila kukusudia.

Siku hizi wanaume kwa wanawake huvaa jezi. Simba wana siku yao ya Agosti, Simba Day, tangu mwaka 2009. Yanga wana Wiki ya Mwananchi tangu mwaka 2019. Katika sikukuu hizo waimbaji huimba kwanza, mpira huchezwa baadaye, na uwanja mzima huwa rangi moja. Mtu aliyewahi kuiona beni angejiona nyumbani kabisa. Na kila msimu jezi hubadilika, kwa hiyo ya mwaka jana huonekana kuukuu. Kama lile koti la Marini.

Sasa nitasimulia jambo la nyumbani kwetu Bagamoyo. Shangazi yangu ni mama mtu mzima, na hataki kabisa kusikia habari za kamari. Mjukuu wake aliwahi kupoteza nauli ya shule kwa kubashiri mpira, na siku hiyo hapakulalika. Baadaye kijana huyo, kwa kuomba radhi, alimnunulia bibi yake jezi ya timu anayoipenda. Timu siitaji, nisije nikagombana na nusu yenu. Shangazi aliipenda mno, akaivaa sokoni, akaivaa harusini juu ya gauni.

Mwaka huo alikuwa ameanza darasa kama lenu. Jioni moja nilimkuta barazani ameikunjua jezi magotini, kidole kiko kifuani pa ile nguo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo. Neno hili nimelisoma peke yangu. Si jina la timu."

"Si la timu, shangazi. Ni kampuni iliyotoa fedha za jezi."

"Kampuni ya nini?"

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia kwamba ni kampuni ya kuchezesha kamari.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na sindano na kipande cha kitambaa cha rangi ile ile, akakishona juu ya neno lile, mshono mdogo mdogo, mpaka likafunikwa lote. Jumapili timu yake ilicheza, naye aliivaa.

Maswali ya darasa ni haya. Beni iliwasaidiaje wageni wa mjini? Kwa nini mwanamke alimwomba mwenye duka amsomee kanga? Je, shangazi angefanya vema zaidi kuitupa ile jezi? Zungumzeni, msiogope kubishana.

Juma lijalo kila mmoja aje na nguo moja yenye maandishi, kanga au jezi au fulana, hata ya mtoto. Tutayasoma.